Kabla Hatujaiacha Elm

Hotuba kwa mkutano wa waandishi wa programu, Kigoma mjini

Ndugu mwenyekiti, walimu wetu, dada na kaka mliotoka Ujiji na Mwandiga, nanyi mliopanda gari alfajiri kutoka Kasulu, habari za mchana. Wazee mliokubali kuja kutusikiliza, shikamooni.

Hoja mnaijua. Mfumo wa kuandikisha mizigo ya dagaa, huu tulioujenga kwa kujitolea na ambao wafanyabiashara wa Kibirizi wanaufungua kila siku kwenye simu zao, umeandikwa kwa lugha ya Elm upande wake wote wa mbele, yaani kurasa anazoziona mtumiaji. Wenzetu kadhaa wanataka tuuandike upya kwa React, maktaba (yaani msimbo uliokwisha kuandikwa) ya kutengenezea kurasa, na TypeScript, lugha nyingine ya wavuti. Sababu yao ni moja: Elm imekufa, na mtu hajengi juu ya kitu kilichokufa. Mimi nimepewa nafasi ya kusema kwa niaba ya wanaotaka ibaki. Nitasema, na kasoro zake nitazitaja zote ninazozijua, maana kuna mbili ambazo hata mimi zinaniuma.

Kwa faida ya wageni, Elm ni lugha ya kutengenezea kurasa za wavuti. Aliianzisha Evan Czaplicki kwenye tasnifu yake ya shahada ya kwanza pale Harvard, mwaka 2012. Wewe unaandika kwa Elm, kompaila, yaani programu ya kutafsiri, inageuza maandishi yako kuwa JavaScript, lugha ambayo vivinjari vinaielewa, na kivinjari kinaisoma kama kinavyosoma kurasa nyingine zote. Basi. Haijatengenezwa kwa ajili ya seva wala hifadhidata. Wanaoitumia duniani ni wachache, na katika ukumbi huu tungeweza kukaa wote kwenye benchi mbili.

Ila uchache huo usimdanganye mtu. Mwaka 2015 ilitoka Redux, maktaba ambayo kwa miaka mingi ilikuwa kama ndugu pacha wa React, na nyaraka zake zenyewe zinakiri kwamba zimechota kwa Elm. Ule mpangilio wa kuweka hali yote ya programu mahali pamoja, kupokea ujumbe, kubadilisha hali, kisha kuchora ukurasa upya, vijana wengi hapa mnaujua kupitia React bila kujua kwamba mmekula chakula kilichopikwa kwenye jiko la Elm.

Sasa tuje kwenye mfumo wetu.

Tulipoanza tulikuwa na vipimo viwili, kilo na gunia. Baada ya muda akina mama wanaonunua dagaa pale ufukweni wakatuambia wazi kwamba wao hawanunui kwa kilo, wananunua kwa debe, na mfumo usiojua debe hauwasaidii. Wana haki. Ikabidi tuongeze kipimo cha tatu. Nataka mfikirie kazi hiyo ingekwendaje kwenye JavaScript tupu. Namba ni namba. Arobaini ni arobaini, haikuambii kama ni kilo, magunia au madebe. Ungepekua faili moja moja, ukitafuta kwa macho kila mahali namba hiyo inapojumlishwa au kuzidishwa kwa bei, halafu ungemwomba Mungu usiwe umeruka mahali.

Kwenye Elm tulikuwa tumetengeneza aina yetu tuliyoiita Kipimo, yenye matawi mawili, Kilo na Gunia. Tukaongeza tawi la tatu, Debe, mstari mmoja tu, tukaagiza kompaila ijenge. Ikakataa. Ikataja jina la faili, ikataja mstari, ikatuchorea kile kipande cha msimbo kama kilivyo, ikasema kwa maneno yanayoeleweka: hapa mmeshughulikia Kilo na Gunia, Debe mmemwacha, niambieni nifanye nini akija. Tukarekebisha risiti. Ikatupeleka kwenye jumla ya siku. Tukarekebisha. Ikatupeleka kwenye orodha ya mizigo inayovuka kwenda Kalemie, Kongo, halafu kwenye ile inayopanda treni kwenda Dar. Mwisho ikatupeleka kwenye hesabu ya ushuru, mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa anapakumbuka, kwa kuwa aliyepaandika yuko masomoni Dodoma. Ilipokubali kujenga, kazi ilikuwa imekwisha. Tulipakia jioni ile ile, na asubuhi wanawake wale wakaandika madebe yao.

Huo ndio msingi wa hoja yangu. Sisi ni watu tunaokuja na kuondoka. Mmoja anapata ajira Mwanza, mwingine anakwenda chuo, mwingine anaolewa Tabora. Anayebaki na mfumo mara nyingi siye aliyeuandika. Kwa kundi la namna hiyo, lugha inayokumbuka kwa niaba yenu ina thamani kuliko lugha yenye watu wengi.

Jambo la pili ni lile la kitu kisichokuwepo. Mfanyabiashara hana namba ya simu. Boti haijapewa saa ya kuondoka. Mzigo haujapimwa. Kwenye JavaScript pengo hilo linakaa kimya mpaka siku ukurasa unapogeuka mweupe mbele ya mteja. Elm haina null, ile alama ya kitu kisichokuwepo, kabisa. Kitu kinachoweza kukosekana kinaitwa Maybe, na kompaila haikuruhusu kukitumia mpaka useme utafanya nini kikikosekana. NoRedInk, kampuni ya California inayofundisha wanafunzi uandishi, iliendesha Elm kwa miaka mbele ya wanafunzi wengi mno, na ushuhuda wao ulikuwa kwamba hitilafu za ghafla kutoka kwenye msimbo wa Elm karibu hazikuwepo. Sisi ni wadogo mno kulinganishwa nao, lakini simu tunazopigiwa kuhusu mfumo huu ni za mtu aliyesahau nywila, au bando limekwisha.

Na kwa kuwa nimetaja bando, niseme na hili. Kompaila ya Elm ni faili moja. Maktaba ukishazipakua mara ya kwanza zinakaa kwenye kompyuta yako, na kuanzia hapo unaweza kujenga mfumo mzima bila intaneti. Aliyewahi kufungua mradi wa React kwenye laptopi mpya, akatazama mamia ya maktaba ndogondogo zikishuka huku salio linateketea, anajua kwa nini nalitaja.

Sasa kasoro.

Toleo la 0.19 lilitoka Agosti 2018. La 0.19.1, la kurekebisha, likatoka Oktoba 2019. Baada ya hapo miaka ikapita bila toleo jipya la kompaila. Watu waliripoti hitilafu, wengine wakatuma hadi marekebisho yenyewe, wakakaa muda mrefu bila jibu. Evan Czaplicki ana namna yake ya kufanya kazi. Anafikiri kwa kina, anaachilia kitu anaporidhika, na hapendi kuahidi. Mwaka 2018, kwenye mkutano wa Strange Loop kule Marekani, alieleza kwa uwazi jinsi mtu anayeitunza programu huria anavyoelemewa na madai ya watu wasiomlipa chochote. Namwelewa, na simtukani. Ila kumwelewa hakuondoi ukweli kwamba sisi tulio mbali hatuna mahali pa kuuliza, hatuna ratiba, hatuna kamati. Mtu mmoja akinyamaza, lugha nzima imenyamaza. Hilo ni la kwanza linaloniuma.

La pili ni mlango uliofungwa na hilo toleo la 0.19. Kabla yake, ukibanwa ungeweza kuandika kipande cha JavaScript ndani ya mradi wako na kukiita moja kwa moja kutoka Elm. Baada yake, ruhusa hiyo ilibaki kwa maktaba rasmi za lugha yenyewe tu. Sisi wengine tukaachiwa njia ya kutuma ujumbe nje kwenda JavaScript na kusubiri jibu lirudi kama ujumbe mwingine. Kwa kazi nyingi inatosha. Kwa nyingine ni mateso. Kivinjari kina zana inayoitwa Intl, ya kuandika tarehe, namba na fedha kwa desturi ya kila nchi, na Kiswahili cha Tanzania kimo. Unampa kiasi, anakurudishia shilingi zilizopangwa vizuri. Ndani ya Elm huwezi kumwita hivi hivi katikati ya kuchora ukurasa. Kule Ulaya kuna waliokwama kwa sababu hiyo hiyo, wakabaki na toleo la zamani au wakahama kabisa.

Sisi tulipita kwa njia ya pembeni. Tumetengeneza elementi yetu ya HTML, yaani kipande cha ukurasa, kwa JavaScript, Elm inaiweka kwenye ukurasa na kuipa namba, na yenyewe ndiyo inayomwita Intl. Inafanya kazi. Lakini kijana anayejifunza akikuuliza kwa nini kuandika shilingi elfu kumi kunahitaji mzunguko wote huo, huna jibu la kumridhisha. (Saa ni habari nyingine. Hata Intl hajui kusema boti inaondoka saa mbili asubuhi, anakwambia 08:00, kwa hiyo hesabu ya saa zetu tumeiandika wenyewe kwa Elm, na ni katika vipande ninavyovipenda kuliko vyote.)

Sababu ya kufunga mlango ule ninaijua, na ni nzuri: ukiruhusu JavaScript iingie popote, ile ahadi ya kutokuwa na hitilafu za ghafla inakufa. Nakubaliana na sababu. Sikubaliani na namna. Watu waliokuwa wamejenga kazi zao za kila siku juu ya ruhusa ile walistahili kushirikishwa mapema zaidi.

Basi wenzetu wanasema, kama hali ndiyo hii, twende React, kule kuna Facebook. Hoja hiyo ni nzito na naiheshimu. Ukiangalia lugha na zana zilizoenea, nyuma ya karibu kila moja kuna mfuko wa fedha. Java ilikuwa na Sun Microsystems. Go ina Google. Swift ina Apple. TypeScript, tangu 2012, ina Microsoft. React ilitoka Facebook mwaka 2013. Elm ilikuwa na Prezi, kisha NoRedInk, kampuni za kawaida zilizomlipa mtu mmoja mshahara. Czaplicki mwenyewe alilieleza jambo hili mwaka 2023, tena pale pale Strange Loop: lugha haiishi kwa uzuri wake peke yake, kuna mtu anailipia, na anayelipia ana hesabu zake.

Nami nasema tuzitazame hizo hesabu. Google ilitoa AngularJS, zana ya kutengenezea kurasa za wavuti, mwaka 2010. Watu wakaipokea, mashirika yakajenga mifumo mikubwa. Mwaka 2016 ikaja Angular ya pili, iliyoandikwa upya na isiyolingana na ya kwanza, na mwisho wa 2021 Google ikaacha kuitunza ile ya zamani. Mifumo iliyobaki nyuma ikalazimika kuandikwa upya au kubaki bila kinga. Flash, ya kuchezeshea video na michezo kwenye kivinjari, ilikuwa na Adobe nyuma yake, ikazimwa mwisho wa 2020. Kampuni kubwa inailinda zana kwa kadiri inavyoihitaji yenyewe, na uhitaji wa Facebook hauko Kibirizi.

Mwaka 2024 Serikali ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, tangu 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Biashara ikalala, mfumo wetu ukalala, na sisi tukatawanyika kutafuta riziki kwingine. Hakuna aliyeugusa. Ziwa lilipofunguliwa, wafanyabiashara wakafungua simu zao na kila kitu kilikuwa kama walivyokiacha. Tulipojenga upya, kompaila ilikuwa ile ile, maktaba zile zile, hapakuwa na onyo hata moja kwamba kitu fulani kimepitwa na wakati. Lugha isiyobadilika, ambayo mwenzangu anaiita maiti, kwangu siku ile ilikuwa lugha iliyonisubiri.

Kuhusu kufa na kufufuka, mji huu una ushahidi wake. Wajerumani walipoizamisha meli yao ya Goetzen mwaka 1916, waliipaka mitambo yake grisi kwanza. Waingereza wakaja kuiinua 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Grisi ya Elm ni leseni yake. Msimbo wote uko wazi kwa leseni ya BSD, yeyote anaweza kuuchukua, kuurekebisha na kuendelea. Na watu wameshaanza. Robin Heggelund Hansen wa Norway alichukua kompaila hiyo hiyo akaanzisha lugha ya Gren, iliyotoka 2022 na inayofanya kazi hadi upande wa seva. Richard Feldman, mmoja wa waliokuwa mstari wa mbele kuifundisha Elm, anajenga lugha ya Roc. Gleam, lugha ya Louis Pilfold, ilifika toleo la 1.0 Machi 2024, na atakayetoka Elm kwenda Gleam atajikuta anasoma mengi anayoyatambua.

Lakini kuna sharti moja ambalo hatulitaji tunapojisifu kwamba msimbo uko wazi. Kompaila ya Elm imeandikwa kwa lugha nyingine, Haskell. Katika mkoa huu mzima simjui mtu anayeisoma Haskell kwa raha. Kwa hiyo uwazi ule kwetu bado uko kwenye karatasi. Tungekuwa na watu wawili tu wanaoweza kufungua kompaila, kuelewa inavyofanya, na kurekebisha kitu kidogo, mazungumzo ya leo yangekuwa na sura nyingine kabisa.

Niseme na vijana sasa, kwa sababu najua kinachowasukuma wengi kuunga mkono React, nacho ni ajira. Mnatazama matangazo ya kazi ya Dar na ya kampuni za nje, kote imeandikwa React, na hamjaona hata tangazo moja la Elm. Mna haki kabisa. Jifunzeni React, na mimi niko tayari kukaa nanyi jioni tujifunze pamoja. Ninachokataa ni kujifunzia kwenye mfumo ambao mama wa watu anautegemea kujua kama amelipwa. Tutengeneze mradi mwingine. Ramani ya boti tuliyoahidi kuisaidia ni kazi nzuri ya TypeScript, inahitaji maktaba nyingi za JavaScript, na Elm pale ingetusumbua bure. Na nimeshuhudia, kwa wanafunzi tuliowaanzisha hapa hapa, kwamba aliyeanza na Elm anaandika React iliyo safi kuliko aliyeanza na React yenyewe. Ameshazoea kujiuliza: hali zangu ni zipi, na ipi nimeisahau?

Mwalimu mmoja aliniuliza wiki hii: je, Czaplicki akiamua kesho kuachana na Elm moja kwa moja, utasemaje? Nitasema kilichojengwa kitaendelea kujengeka. Kompaila tunayo. Hatari yetu halisi iko kwingine. Vivinjari vitabadilika polepole, na siku moja kitu kitavunjika ambacho hatuna mtu wa kukirekebisha. Siku hiyo inaweza kuwa mbali, kwa sababu JavaScript inayotolewa na Elm ni ya kawaida sana na vivinjari vinaogopa kuvunja kurasa za zamani. Lakini inaweza kuja, na watakaokuwepo hapa wawe na maelezo ya kutosha ya kuhama bila kukisia.

Kwa hiyo napendekeza tubaki na Elm kwenye mfumo wa dagaa, na tubaki kama watu wazima. Kompaila yake, ya Windows na ya Linux, pamoja na maktaba zote tunazozitumia, zinakiliwe kwenye diski mbili. Moja ikae chuoni, nyingine nyumbani kwa mweka hazina. Kila faili ya mfumo iandikiwe maelezo ya Kiswahili: inafanya nini, inapokea nini, na kwa nini iliandikwa hivyo. Hesabu ya ushuru ianze, kwa kuwa ndiyo iliyotufundisha kwamba tunasahau. Ramani ya boti ianze kwa TypeScript, na vijana wanaotaka React waiongoze wao. Na wapatikane wawili wa kujifunza Haskell, hata taratibu, mpaka waweze kuijenga kompaila kutoka kwenye msimbo wake wakiwa hapa Kigoma.

Mwenyekiti, naomba kura isipigwe kwa swali la Elm imekufa au haijafa. Ipigwe kwa pendekezo lililoandikwa, lenye jina la mtu kwenye kila kazi na tarehe ya kumaliza. Wanaotaka tuhame nao walete lao kwa namna hiyo hiyo, na waseme nani ataandika upya vipimo na ushuru, na wafanyabiashara watatumia nini wakati kazi inaendelea. Likiwa na majina na likiwa linatekelezeka, nitalisoma kwa moyo mweupe. La upande wetu ni hili hapa. Kwenye diski na kwenye maelezo ya ushuru jina langu lipo. Kwenye Haskell nafasi zote mbili ziko wazi, naipitisha karatasi kuanzia kule dirishani.